Jinsi ya Kusoma Matokeo ya Udiwani wa Woking Bila Kupandisha Presha

Kwanza keti. Matokeo ya uchaguzi wa madiwani Uingereza hayasomwi wima, kwa sababu Ijumaa asubuhi utakuta vyama vitatu vinashangilia ushindi katika uchaguzi mmoja. Aliyepata viti vingi atasema ameshinda. Aliyetabiriwa kupoteza viti kumi akapoteza vinne atasema naye ameshinda, tena kwa sauti kubwa zaidi. Wa tatu amepata kiti kimoja, cha kwanza tangu chama chake kizaliwe, na anapigwa picha na wajukuu. Huyo mwachie furaha yake. Amegonga milango ya watu mvuani tangu Januari, ameng'atwa na mbwa, na udiwani wenyewe hauna mshahara bali posho.

Manispaa tutakayojifunzia ni Woking, katika kaunti ya Surrey, kusini-magharibi mwa London. Sensa ya 2021 iliikuta na watu 104,000 hivi. Waislamu wa Uingereza wanaijua kwa Msikiti wa Shah Jahan wa mwaka 1889, jengo la kwanza nchini humo kujengwa tangu msingi liwe msikiti. Wasomaji wa riwaya wanaijua kwa H. G. Wells, aliyewateremsha viumbe wa Mirihi katika mbuga ya Horsell, nje kidogo ya mji, na leo mashine yao imesimama mjini kama sanamu ya chuma yenye urefu wa mita saba. Tangu 2023 wahasibu wa serikali za mitaa nchi nzima wanaijua kwa deni. Nimeichagua kwa ajili ya deni.

Ukisikia kwamba chama fulani kimeshinda viti vingi Woking, usipige makofi wala usinune kabla hujauliza ni viti vingapi vilivyokuwa vinagombewa. Baraza lina madiwani 30 kutoka kata kumi, watatu kwa kila kata, nao wamekuwa wakichaguliwa kwa zamu: theluthi moja mwaka wa kwanza, theluthi nyingine mwaka wa pili, ya mwisho mwaka wa tatu, na mwaka wa nne uwanja ni wa madiwani wa kaunti. Chama kinaweza kufagia usiku kucha na kuamka asubuhi bado hakina wingi, kwa sababu theluthi mbili za viti hazikuguswa. Na zile alama za kujumlisha na kutoa zinazoandikwa kando ya jina la chama hulinganisha viti hivyo na mara ya mwisho vilipogombewa, ambayo kwa kawaida ni miaka minne nyuma. Kinachoonekana kuporomoka wiki hii huenda kilikuwa kimepanda kupita kiasi safari ile. Kabla ya kumpigia simu shemeji yako wa Reading na kumtangazia kwamba serikali imekwisha, tazama wanalinganisha na mwaka gani.

Manispaa 32 za London hazina zamu. Zote huchagua madiwani wote siku moja kila baada ya miaka minne, na mpiga kura wa kata yenye viti vitatu ana kura tatu. Ukijumlisha kura za wagombea wote wa kata hiyo utapata hesabu inayokaribia mara tatu ya watu waliofika kituoni. Usiite polisi.

Utaratibu wa kumpata mshindi ni mwepesi mno, na wepesi wake unaniudhi. Anayeongoza anachukua kiti, hata kama waliobaki wakijumlishwa wamempita mbali. Mei 2022 Chama cha Labour kilichukua viti vyote 51 vya Barking and Dagenham na vyote 54 vya Lewisham. Kwamba Labour inapendwa huko sibishi. Lakini Lewisham ina watu laki tatu, na wapo waliopigia Conservative, Green na Liberal Democrats siku ile. Walitoka nyumbani, wakapanga foleni, wakaweka alama, na kura zao hazikuzaa kiti hata kimoja. Baraza la chama kimoja linanitia hofu, kiwe chama chochote. Kikao kimefika saa tatu usiku, kila mtu anawaza kitanda chake, mezani kuna ombi la mkopo lenye kurasa mia mbili: nani atainua mkono aulize swali la kuudhi? Scotland waliliona hilo mapema. Tangu 2007 madiwani wao huchaguliwa kwa mpiga kura kuwapanga wagombea kwa namba, na mgawo wa viti unafanana zaidi na mgawo wa kura. England bado.

Sasa vipeperushi. Vitaingia mlangoni kwako tangu Machi, na karibu kila kimoja kitakuwa na grafu ya nguzo yenye maneno kwamba hapa kinyang'anyiro ni cha watu wawili tu. Chukua rula, nasema kweli, chukua rula ya mtoto wa shule upime. Utakuta asilimia 38 imechorwa ndefu kama mnara na asilimia 31 fupi kama kigoda, na nguzo ya tatu imewekwa pembeni kama mgeni asiyealikwa. Halafu soma maandishi madogo yaliyo chini yake: mara nyingi takwimu hizo si za kata yako, ni za uchaguzi wa wabunge, au za kaunti, au za mwaka mwingine kabisa. Kila chama kikubwa kimewahi kufanya hivi. Kata yako ina matokeo yake, yamewekwa kwenye tovuti ya halmashauri, kura kwa kura, na kuyasoma hakumalizi kikombe cha chai.

Ukipewa nafasi ya kuwa wakala kwenye ukumbi wa kuhesabia, ikubali hata kama kesho yake una kazi. Vituo hufungwa saa nne usiku. Masanduku yanaletwa, yanamwagwa mezani, na kwanza karatasi zinahesabiwa bila kujali zimempigia nani, ili idadi ilingane na ile iliyotolewa kituoni. Baada ya hapo ndipo zinapangwa kwa majina ya wagombea, na mawakala wanasimama upande wa pili wa meza wakitazama mikono ya wahesabu. Hawaruhusiwi kugusa kitu. Wanachoruhusiwa ni kuona, na wanaona mpaka macho yanawatoka machozi.

Raha ya usiku huo ni kura zenye shaka. Msimamizi wa uchaguzi anaziinua moja moja mbele ya wagombea na kutoa uamuzi. Sheria inataka dhamira ya mpiga kura ionekane. Haimtaki awe na mwandiko mzuri. Aliyeweka vema badala ya mkasi huweza kukubaliwa. Aliyechora uso unaocheka ndani ya kisanduku kimoja na kuacha vingine vitupu huweza kukubaliwa pia, kwa kuwa amejieleza. Aliyeandika jina lake chini ya karatasi anakataliwa, maana kura ni siri na yeye ameitoboa. Aliyepiga kura nyingi kuliko viti anakataliwa. Aliyemwandikia kila mgombea tusi la kwake, kwa mpangilio, bila kumruka hata mmoja, anakataliwa, na wagombea mahasimu wanasogeana kusoma. Ni nyakati chache za mwaka ambapo wanasiasa wa vyama vyote wanachekea kitu kimoja.

Na kura zikilingana? Zinahesabiwa tena, na zikilingana tena msimamizi hupiga kura ya bahati hapohapo. Wengine wanarusha sarafu, wengine wanachomoa karatasi kwenye bahasha. Katika baraza la kaunti ya Northumberland mwaka 2017, kiti cha South Blyth kiliamuliwa kwa vijiti, na mgombea wa Liberal Democrats akamshinda wa Conservative. Kwa kijiti hicho Conservative walibaki na viti 33 kati ya 67, wamepungukiwa na kiti kimoja tu kupata wingi. Jirani yako akikwambia kura yake moja haina uzito, mpe habari ya South Blyth, umwache na chai yake ikipoa.

Woking yenyewe ina sababu ya kuheshimu kura moja moja. Uchaguzi wa Mei 2012 katika kata ya Maybury and Sheerwater ulibatilishwa na mahakama mwaka uliofuata kwa udanganyifu wa kura za posta. Mwaka 2018 Woking ikawa miongoni mwa manispaa tano za kwanza England kujaribu kumtaka mpiga kura aonyeshe kitambulisho kituoni, na tangu Mei 2023 hilo ni sharti England nzima.

Tufike kwenye deni, maana matokeo ya Woking bila deni ni majina matupu.

Kwa miaka kadhaa, Conservative wakiongoza, halmashauri ilikopa fedha nyingi kutoka mfuko wa serikali kuu unaokopesha serikali za mitaa kwa riba nafuu. Ikazikopesha tena kampuni ilizomiliki au kuwa na hisa ndani yake, ili zijenge. Mradi mkubwa kuliko yote ni Victoria Square: maduka, hoteli, maegesho na minara ya makazi, mmoja wenye ghorofa 34, katika mji ambao awali ulikuwa wa nyumba za ghorofa mbili na bustani. Mradi huo uligharimu pauni milioni 700 hivi. Hesabu ilikuwa kwamba kodi za maduka na nyumba zitalipa mkopo na kubakiza faida ya kuendeshea huduma. Mikopo iliyoifuata hesabu hiyo haikutengewa kila mwaka fungu la kutosha la kuirejesha, jambo ambalo sheria inalitaka. Fungu hilo likawa linasogezwa mbele.

Siku ya 7 Juni 2023 halmashauri ikatoa notisi ya kifungu cha 114, ambayo ni tangazo la mkurugenzi wa fedha kwamba matumizi hayawezi kulipwa na mapato, na kuanzia hapo fedha mpya zisitumike ila kwa yale yanayolazimishwa na sheria. Nakisi ilikuwa pauni bilioni 1.2. Fedha za msingi za kuendeshea halmashauri mwaka ule zilikuwa pauni milioni 16. Gawa: nakisi ni mara 75 ya fedha za mwaka mzima. Deni lilitarajiwa kufika pauni bilioni 2.6, kwa hiyo kila mkazi, akiwemo mtoto aliyezaliwa jana katika kata ya Goldsworth Park, angebeba pauni 25,000. Serikali kuu ilikwishapeleka makamishna. Mezani, tayari kukatwa, vikawekwa vyoo vya umma, ruzuku za asasi za hiari, bwawa la kuogelea. Mwaka 2024 Woking ikaruhusiwa kupandisha sehemu yake ya kodi ya halmashauri kwa asilimia 10, zaidi ya mara tatu ya kiwango cha kawaida kwa halmashauri za aina yake zisizo na kibali maalumu.

Weka sasa matokeo juu ya hesabu hiyo. Mei 2022, Liberal Democrats wanapata wingi barazani. Mei 2023 wanazidi kuongezeka, mwezi mmoja kabla ya notisi. Mei 2024 Conservative wanapoteza viti vyote vilivyokuwa vimewabakia. Chama kilichokuwa kikiongoza mji huu kinaondoka bila diwani hata mmoja. Magazeti ya Ijumaa ile yaliandika juu ya anguko, na lilikuwa anguko la haki. Wenye mji waliadhibu.

Lakini tazama tarehe, msomaji wangu, hapa ndipo ninapotaka ukae na kalamu. Adhabu ilikuja minara ikiwa imesimama na saruji imekauka. Mikopo ile ilipitishwa barazani mwaka baada ya mwaka, katika vikao vya wazi, na karibu kila mwaka kati ya hiyo kulikuwa na uchaguzi wa madiwani mwezi Mei. Wapiga kura wangeweza kuuliza. Katika chaguzi za mitaa England ni kawaida theluthi moja tu ya walioandikishwa, au zaidi kidogo, kufika kituoni. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea siku moja kubwa. Kenya mpiga kura anapewa karatasi sita kwa mpigo, na mwakilishi wa wadi anabebwa na joto la urais. Tanzania diwani anachaguliwa siku moja na Rais. Diwani wa Woking mara nyingi amewekewa Alhamisi yake peke yake, bila mbunge wala waziri mkuu wa kumbeba, na watu wanaitumia Alhamisi hiyo kununua mboga. Mabilioni yakapita katikati ya theluthi moja ya watu. Kwa hiyo safu ya kwanza ya kuisoma katika jedwali la matokeo ni ile ya waliojitokeza, iliyo mwisho kabisa kwa maandishi madogo. Mshindi aliyepata asilimia 45 ya asilimia 33 ametumwa na watu 15 katika kila 100, na anashika saini ya mkopo wa wote.

Usikosee mtu wa kumlaumu. Shimo lililotoboa tairi lako katika barabara ya Woking ni la Baraza la Kaunti ya Surrey. Shule na matunzo ya wazee vilevile. Manispaa inashughulika na mapipa ya taka, nyumba za halmashauri, vibali vya ujenzi, bustani. Ankara ya kodi inatoka manispaa, ila fedha nyingi zilizomo zinakwenda kaunti. Nimewasikia watu wazima, wenye shahada, wakimtukana diwani wa manispaa kwa shimo ambalo hana hata koleo la kulifukia.

Na wewe uliyetoka Mombasa, Tanga, Unguja, Kampala au Kigali, ukiwa na kibali halali cha kuishi Uingereza, usisome mwongozo huu kama habari za wenyewe. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zimo katika Jumuiya ya Madola, na raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi huko kihalali ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura, ya madiwani na ya wabunge. Haihitaji uraia wa Uingereza. Ndugu zetu wa Burundi na Kongo hawamo, na naliona hilo ni dhuluma, maana wanalipa kodi ileile ya halmashauri. Kama una ukaazi wa kudumu unaweza hata kugombea udiwani, na mgombea udiwani hatozwi dhamana ya fedha. Nimekutana na watu walioishi huko miaka mingi, wanajua jina la kila waziri wa nyumbani, hawajawahi kujiandikisha kwa kudhani kura ni ya wenye pasipoti ya Uingereza. Fomu iko mtandaoni. Ijaze angalau siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Na siku yenyewe pasipoti ya Kenya au ya Tanzania inakubalika kama kitambulisho kituoni, hata ikiwa imeisha muda, mradi picha ingali inafanana nawe. Ukiwa umenenepa kiasi hicho, wapo watu wa kukusaidia: halmashauri inatoa cheti cha mpiga kura bure.

Kuna jambo linakuja ambalo linafanya yote haya yawe ya haraka. Oktoba 2025 serikali ilitangaza kwamba kaunti ya Surrey na manispaa zake zitavunjwa na kuundwa mamlaka mbili, ya mashariki na ya magharibi. Woking inaingia magharibi, uchaguzi wa baraza jipya ukipangwa Mei 2026 na makabidhiano Aprili 2027. Serikali imeahidi kubeba pauni milioni 500 za deni la Woking. Zinazobaki zinahamia na mji, na zitakaa meza moja na watu wa Guildford na Farnham ambao hawakuzikopa. Watagombana. Wana haki ya kugombana, na watu wa Woking wana haki ya kutochekwa, kwa sababu wengi wao hawakuulizwa.

Matokeo yakitoka, basi, andika majina ya walioshinda katika kata yako. Halafu subiri kikao cha kwanza cha baraza, ambacho ndicho kinachomchagua kiongozi na kugawa kamati, maana yule anayevaa mkufu wa umeya kwa kawaida ni wa sherehe tu. Tafuta nani kawekwa katika kamati ya ukaguzi wa hesabu. Ni kamati isiyo na picha wala makofi, na ndiyo iliyopaswa kupiga kelele Woking. Waandikie wajumbe wake swali moja kwa barua pepe: deni lililobaki ni kiasi gani, na kila mwaka linatengewa kiasi gani? Wape wiki mbili. Wasipojibu waandikie tena, umpelekee nakala mhariri wa gazeti la mtaani, kisha uende mwenyewe kwenye kikao kinachofuata. Viti vya wananchi viko nyuma, na mara nyingi havina mtu.